Famasi ukiwa na arobaini: anza hesabu kutoka mwisho

Juzi kati mjomba wangu mmoja yuko Chikundi, kule Masasi, kanipigia simu, ana miaka 41, anauza mabati na misumari, anasema kachoka na duka anataka akasomee famasi, na kuna mtu keshamwambia we tuma hela ya fomu tu mengine tutaelewana hukohuko. Mjomba huyu kiumri ni mdogo kwangu, mambo ya ukoo hayo, lakini mjomba ni mjomba na huku kwetu humjibu kwa mkato, kwahiyo nikamwambia weka spika, chukua karatasi na kalamu, tupige hesabu ambayo mi hakuna aliyenipigia siku naacha ukarani wa ghala la korosho naingia darasani na miaka yangu 39.

Hesabu yenyewe unaanzia mwisho unarudi nyuma. Diploma ya famasi ni miaka mitatu, ngazi ya NTA 4, 5 mpaka 6, ndio madaraja ya vyuo vya kati. Una 41, ukiingia mwaka huu unamaliza na 44. Sasa fungua tangazo lolote la ajira za serikali kwenye ile portali ya ajira, utakuta imeandikwa mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Umeona hapo? Una mwaka mmoja tu wa kuomba, na ndani ya huohuo usubiri matokeo, usubiri cheti, usajiliwe Baraza la Famasi, alafu uombee tangazo litoke. Ukibeba sapu, yani mtihani wa marudio, ikakushinda ukarudia mwaka, umri umeshakupita. Na hata ukipata, kustaafu kwa lazima ni 60. Simaanishi usiende, namaanisha ujue kabisa kwamba mwenzako wa miaka 20 mkikaa dawati moja hamsomi kitu kimoja, yeye anasomea ajira, wewe huenda unasomea sekta binafsi, hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao, au duka la mtu.

Hapo linakuja swali ambalo watu wengi wanaliruka, unataka kuwa nani hasa? Maana mtaani kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa anaitwa dokta, ila kisheria ni watu tofauti kabisa. Mfamasia ni wa digrii, miaka minne chuo kikuu, mfano pale Muhimbili, alafu mwaka mmoja wa intern, yani mafunzo kazini, ndio asajiliwe. Wa diploma ni fundi sanifu dawa. Wa cheti ni fundi dawa msaidizi. Alafu kuna mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, zile DLDM zilizoanzia Ruvuma mwaka 2003, huyo anapewa kozi fupi tu na anaruhusiwa dawa za kwenye orodha basi. Famasi kamili lazima iwe na mfamasia msimamizi, yani wewe wa diploma unaweza kuwa na mtaji, una fremu nzuri pale stendi ya Masasi, na bado ukamtafute mfamasia asimamie, na wafamasia wengi wamejazana Dar, kuwapata huku kusini kazi. Na kama ndoto yako ni kumiliki DLDM tu, mjomba, mwenye duka hata sio lazima awe na taaluma, anayetoa dawa ndiye anatakiwa awe amefundishwa na anatambulika na Baraza. Miaka mitatu ya ada kwa ajili ya kitu ambacho ungekipata kwa kuajiri binti mwenye sifa, hiyo ni hasara, bora ukae na mabati yako.

Akanyamaza kidogo. Akasema hapana, anataka kusimama dirishani mwenyewe. Haya, tukaendelea.

Vyeti. Kwa diploma wanaangalia form four, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini na ndani yake lazima iwepo Kemia na Biolojia, D inatosha, Hesabu na Kiingereza zinakuongezea nguvu. Kitafute cheti chenyewe ukishike mkononi, usitegemee kumbukumbu ya miaka 20 iliyopita, watu wengi kichwani wana C ambazo kwenye karatasi hazipo. Kama kimepotea anza mapema na ripoti ya polisi na taratibu za NECTA, wale wa baraza la mitihani, maana sio kitu cha wiki moja. Na angalia majina! Sisi huku shule ya msingi mwalimu alikuwa anaandika jina analolisikia, form four wewe ni Hamisi Issa, kitambulisho cha NIDA wewe ni Hamisi Issa Chilumba, cheti cha kuzaliwa umekuja kukikata ukubwani kina jina la tatu, hayo yote uyanyooshe kwa mwanasheria kabla ya udahili sio baada.

Kuhusu yule mtu wa "tuma hela ya fomu", mi nilishaliwa hela na mtu wa namna hiyo kwahiyo naongea kwa uchungu kidogo. Nilipewa jina la chuo, nikalipa, nikasafiri na begi na godoro mpaka mjini, kufika chuo kipo kweli, ila famasi walikuwa bado wanasubiri kibali, wakanishauri nianze na kozi nyingine "kwa muda". Chuo kusajiliwa ni jambo moja na kozi kuruhusiwa ni jambo lingine. Ingia tovuti ya NACTVET, ndio baraza linalosimamia vyuo hivi, angalia kitabu cha mwongozo wa udahili wa mwaka huo, tafuta chuo na kozi yenyewe kwa jina, na ukiwa na bando simu moja kwa Baraza la Famasi haigharimu kitu. Vyuo vya afya tulivyovizoea kusini vingi vimeanzia kwenye uuguzi na utabibu, kwahiyo jiandae kwamba famasi inaweza kukupeleka mbali na nyumbani.

Hela sasa. Ada za vyuo binafsi zinaanzia kwenye milioni na kitu kwa mwaka, hiyo ndio inayoonekana, bado chumba, chakula, mitihani, bima, koti jeupe, na fildi, yani mafunzo ya vitendo, ambapo unalipa nauli na kupanga upya sehemu nyingine. Mikopo ya bodi kwa diploma ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 mi nshamaliza, na hata hivyo mwongozo wao ulitaka mwombaji asizidi miaka 35, kwahiyo kwa umri wetu weka bumu pembeni kabisa. Mtu wa korosho aangalie na kalenda, mnada unafunguliwa Oktoba, hela inaingia kwenye akaunti baada ya hapo na chama cha ushirika nacho kina mambo yake, wakati chuo kinataka ada ya muhula wa kwanza hiyohiyo Oktoba. Yani ada ya mwaka huu inatakiwa itoke kwenye korosho za mwaka jana. Mi sikulijua hilo, nikakaa wiki tatu nje ya darasa mambo yakinipita. Na usisahau nauli ya dharura, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga, fikiria una mtihani Dar na familia iko Lindi mtoto anaumwa.

Darasani kwenyewe sio pagumu vile watu wanavyotisha ila hesabu zipo, na nyingi. Mfano wa kawaida tu, una spiriti ya asilimia 95 unataka mililita 500 za asilimia 70, unachukua 500 mara 70 gawanya kwa 95, unapata mililita 368 na kitu, unajazia maji yaliyosafishwa mpaka 500. Kama hiyo umeielewa hapo ulipokaa bila kutoa jasho, hesabu hazitakuua. Kilichonitesa mi ni kukariri, majina ya dawa, kundi lake, inafanyaje kazi, madhara yake, haitakiwi ikutane na nini, na kichwa cha miaka 39 kinashika taratibu alafu kinaachia haraka. Nilikuwa naamka saa tisa usiku. Kilichonibeba ni leja, sikutegemea, lakini mtu aliyekaa ghalani anajua mzigo unaingia unatoka na unabaki ngapi, kwenye dawa unaongeza kwamba inayokaribia kuisha muda ndiyo inatoka kwanza hata kama imeingia jana, vijana walikuwa wanachanganya hapo, mi nilikuwa nawaelekeza wananiita babu.

Kabla ya kulipa hata shilingi, omba kwa mtu unayemjua ukae famasi wiki mbili, bure, uangalie tu. Nikiwa fildi alikuja mama mmoja na kapu la ming'oko, kaandikiwa ile dawa mseto ya malaria, mtu mzima ni vidonge 24, vinne sasa hivi, vinne yakipita masaa nane, alafu vinne asubuhi na vinne jioni siku mbili zinazofuata. Anataka nimpe nusu, nyingine atarudi, hela haitoshi. Nyuma yake watu sita wanagonga kaunta. Nikamwelewesha kwa nini dozi haikatwi, akatoa noti iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Hasomi, nikamchorea jua na mwezi kwenye boksi, nikarudia mara tatu, nikamwambia haya mama nielekeze wewe sasa. Akasema, "Nne, kutwa mara nne." Nikaanza upya. Hiyo ndio kazi mjomba, kutwa nzima umesimama, magoti nayo yana umri wake, na saa nyingine unabishana na mtu anayetaka rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, za jero kwa mafua.

Watumishi, hasa walimu, chukua ruhusa ya masomo kwa maandishi kwanza, hilo halina maelezo mengi. Na mwenza wako mwambie miaka mitatu, usimwambie "muda kidogo".

Jana jioni mjomba kanitumia picha ya cheti WhatsApp, mchwa wamekula pembeni ila masomo yanasomeka. Biolojia C. Kemia F. Chini kaandika anauliza mtu wa kujitegemea anajisajili lini kurudia Kemia. Nikamwandikia hesabu tena, mtihani Novemba, unaingia chuo mwakani na 42, unatoka na 45, serikalini hapo ndio basi. Akasoma, tiki zikawa za bluu, ikapita kama nusu saa ndio akajibu: "Sawa. Kitabu cha Kemia form three unacho?"