Kutengeneza kalibu ya vipande vya kaboni vilivyopinda, nyumbani

Kalibu hunakili kila kitu: mkwaruzo wa msasa, alama ya kidole kwenye nta, hata unywele uliodondoka. Kasoro utakayoiacha leo utaikuta kwenye kila kipande utakachokitoa humo. Kwa hiyo muda mwingi uende kwenye kiolezo, yaani umbo la kipande lenyewe ambalo kalibu itajengwa juu yake. Anayekimbilia kufungua kopo la rezini (kimiminika kinachoganda kuwa plastiki ngumu na kushika nyuzi) hulipia haraka yake kwa msasa.

Kwanza amua upande upi utaonekana. Kava ya kioo cha pembeni au madigadi ya pikipiki hutazamwa kwa nje, kwa hiyo inataka kalibu ya shimo. Mfereji wa hewa unaotakiwa kuwa laini ndani hutandikwa juu ya kalibu ya kilima.

Kisha jiulize kipande kitatokaje. Kitazame kiolezo kutoka juu, kwa uelekeo ule ule ambao kalibu itavutwa, huku umefumba jicho moja. Kila ukuta lazima uonekane. Usioonekana umejikunja kwa ndani, na hapo kalibu itajifunga isitoke. Kuta ziwe na mteremko wa digrii 2 au 3 angalau, na kama shimo ni refu, weka 5. Penye mkunjo usioepukika, gawa kalibu vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, na mpaka wao upite kwenye kilele cha mpindo.

Kona kali ziviringishe: nusu kipenyo cha milimita 3 ndicho cha chini, 5 ni salama zaidi. Nyuzi za kaboni hazikubali kupinda ghafla. Kitambaa huivuka kona kama daraja, chini yake panabaki hewa au rezini tupu, na rezini tupu huvunjika kwa pigo dogo tu.

Kiolezo

Povu gumu la polistirini huchongeka kwa kisu na msasa, lakini rezini ya poliesta huliyeyusha, kwa hiyo lifunike kwanza kwa tabaka mbili za epoksi, ambayo ni rezini ya aina nyingine. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, nayo inywe epoksi au vanishi ya kuchanganya kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hufyonza nta na unyevu. Kiolezo cha plastiki ya PLA kutoka printa ya 3D kinafaa, ila PLA hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, hivyo usikipashe moto.

Paka puti, piga msasa namba 80, 120 na 240, halafu praima ya kuchanganya na kigumishi. Praima ya kopo la kupuliza isiyo na kigumishi hukunjamana ikiguswa na poliesta. Endelea na msasa wa maji: 400, 600, 800, 1200, kisha polishi. Rangi ipewe siku kadhaa ikauke hadi ndani, kwani kiyeyusho kilichobaki humo ndicho kinachofanya kalibu ing'ang'anie kiolezo.

Kukagua, shika kiolezo chini ya taa ndefu ya tyubu na ukizungushe polepole. Mstari wa mwanga uteleze juu ya mpindo bila kukatika. Ukicheza au ukijikunja mahali, pana bonde ambalo vidole havijalihisi. Weka alama kwa penseli, rudi kwenye puti. Wengi hapa huchoka na kusema "inatosha". Haitoshi.

Kiweke juu ya ubao wenye uso wa melamini, ukizidi kwa sentimita 6 kila upande ili upate ukingo wa kalibu. Kama utatumia mfuko wa vakyumu (wa plastiki, unaonyonywa hewa ili ubane kitambaa kwenye kalibu), acha 12 hadi 15, maana utepe wa kuziba unahitaji nafasi. Mwanya kati ya ubao na kiolezo uzibe kwa plastisini, ukwangue uwe sawa na uso.

Nta

Tumia nta ya kutolea kalibu, si ya gari yenye silikoni. Kiolezo kipya kinataka tabaka 6 hadi 8. Paka nyembamba kwa mduara, subiri dakika 15, futa kwa pamba safi hadi ing'ae, kisha subiri saa moja kabla ya inayofuata. Mwishoni puliza PVA, kimiminika kinachoacha utando unaoyeyuka kwa maji, iwe nyembamba na uiache ikauke kabisa. PVA huacha alama kidogo juu ya uso, lakini kwa kalibu ya kwanza ni afadhali kupiga polishi kuliko kupasua kiolezo.

Rezini

Chagua mfumo mmoja, poliesta au epoksi, na ushikamane nao. Poliesta ni rahisi ila hunywea ikiganda, na umbo hupungua kidogo. Epoksi hunywea kidogo mno, kwa hiyo kipande kitakachokutana na vingine kwa vipimo kistahili kalibu ya epoksi. Usipake jelikoti (rezini nzito ya kwanza inayokuwa uso wa kalibu) ya poliesta ukaitandikia epoksi mgongoni, maana mshiko wake ni dhaifu. Na ukitumia epoksi, tandika faibaglasi ya kufumwa badala ya mati ya nyuzi fupi: gundi ya mati nyingi huyeyushwa na stairini, kiyeyusho kilichomo kwenye poliesta na ambacho epoksi haina, hivyo mati hubaki ngumu na kukataa kulala kwenye mpindo.

Tuseme kipande ni cha sentimita 40 kwa 30. Ukijumlisha ukingo na mpindo, eneo ni kama mita za mraba 0.25. Kwa poliesta utahitaji:

- jelikoti ya kalibu gramu 200, na kichochezi cha MEKP asilimia 2, yaani gramu 4
- mati ya gramu 225 kwa mita ya mraba, tabaka 1
- mati ya gramu 450, tabaka 5
- rezini kilo 1.4 hivi, kwani mati hunywa zaidi ya mara mbili ya uzito wake

MEKP ipimwe kwa sindano au mizani, na uvae miwani: tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Usiichanganye kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, hulipuka. Glavu za nitrili na barakoa ya kuchuja mvuke ni lazima; ile ya vumbi haizuii stairini.

Jelikoti hupakwa mara mbili, jumla milimita 0.6 hivi. Ya kwanza ikishapakwa, gusa ukingoni kwa kidole cha glavu. Ikinata bila kubaki kwenye glavu, paka ya pili. Ukiwahi, au ya kwanza ikiwa nyembamba mno, stairini ya tabaka la pili hupenya na kuikunja kama ngozi ya mamba. Hilo halirekebishiki, futa uanze upya.

Kipimo kile kile cha kidole kikitimia kwa tabaka la pili, tandika mati ya 225 peke yake. Igonge kwa brashi na rola hadi vipovu vyote vitoke, hasa konani, kisha iache igande. Povu la hewa nyuma ya jelikoti ni tundu la kesho. Siku inayofuata weka tabaka 2 au 3 za 450, na zilizobaki siku ya tatu. Ukizirundika zote kwa mpigo, joto hupanda, kalibu hupinda, na mchoro wa nyuzi hutokeza juu ya uso. Rezini iliyobaki kwenye kikombe itandaze nje, isije ikachemka.

Unene wa kalibu uwe mara 3 au 4 ya kipande. Mbavu za mbao ziongezwe baada ya tabaka zote kupoa, ukizishika kwa vipande vya mati pembeni tu.

Kutoa

Subiri siku mbili angalau; wiki moja ni bora. Ingiza kabari za plastiki kuzunguka ukingo, kidogo kidogo kila upande, na umwagie maji ya uvuguvugu mwanyani ili PVA iyeyuke. Bisibisi ya chuma iache kwenye kisanduku. Ikigoma, gonga mgongoni kwa nyundo ya mpira.

Osha PVA, piga msasa wa maji 1200 hadi 2000, polishi, halafu nta tena tabaka 6. Ukija kutandika kipande chenyewe, kitambaa cha kaboni cha gramu 200 kwa mita ya mraba cha ufumaji wa mshazari hulala kwenye mpindo vizuri kuliko ule wa moja juu moja chini. Kipande chenye pembe ya digrii 90 kinaweza kutoka na 89 au 88, kwa sababu rezini hunywea na nyuzi hazinywei. Kama kipimo ni muhimu, fungua pembe ya kiolezo kwa kiasi hicho tangu mwanzo.

Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo kata na usugue kwa maji, mbali na kompyuta na soketi. Kalibu isiyotumika ihifadhiwe ikiwa na nta, na ukingo wake ulale juu ya ubao ulionyooka.