Namna ya Kuutembelea Mlima Marsabit na Mji Wake

Anayetaka kuuelewa Marsabit na afuate maji. Mji huu wa kaskazini mwa Kenya umekaa juu ya mlima wa volkano uliozungukwa na nyika kame, na ukungu unaotanda mlimani usiku ndio unaosaidia msitu kuishi. Msitu nao ndio uliowavuta tembo, wafugaji na, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliyoweka kituo chake hapa.

Kabla ya kuondoka Nairobi, pitia Makumbusho ya Taifa ukaone sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, akalindwa na askari hadi alipokufa mwaka 1974. Ukishamwona, utaingia msituni ukijua kwa nini watu wa huko wanamtaja kwa heshima.

Mabasi ya Marsabit hupatikana Eastleigh, mtaa wa Nairobi. Kutoka Isiolo zimebaki takriban kilomita 260, zote za lami, ilhali zamani abiria walisafiri juu ya malori katika njia mbovu mno. Chukua sweta na koti la mvua, hata kama joto la Isiolo litakushawishi uviache.

Nenda Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba, kwa sababu wakati wa masika matope ya Hifadhi ya Taifa ya Marsabit, iliyo mlimani, hunasa hata magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Lipa kiingilio cha hifadhi mapema kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kisha uombe askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) akusindikize ikiwa utatembea kwa miguu, maana nyati hujificha vichakani. Usikimbilie alfajiri Ziwa Paradise lililo ndani ya hifadhi. Subiri ukungu uinuke, ndipo utakapoona nzima kasoko, yaani shimo la volkano lenye ziwa hilo, ambako Wamarekani Martin na Osa Johnson walipiga kambi miaka ya 1920 wakiwarekodi tembo. Katika ukame mkali maji yake hupungua sana, kwa hiyo uliza hali yake langoni.

Visima vya Waborana, wafugaji wa eneo hili, vinahitaji adabu zaidi. Wakati wa kiangazi wanaume husimama mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Hiyo ni kazi ya kuokoa mifugo, wala haikuandaliwa kwa ajili ya mgeni. Tafuta mwongozaji mwenyeji, aombe ruhusa kwa wazee, mpatane malipo kabla hujatoa kamera, na usisimame kati ya ng'ombe na birika la kunyweshea.

Ukitaka kuendelea hadi jangwa la Chalbi au Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, ulizia usalama wa njia kwa polisi mjini, ujaze mafuta na maji ya akiba, na msafiri kwa magari mawili.