Slasha ikianza kutafuna badala ya kukata

Ukitaka kujua hali ya visu vya slasha, ile mashine ya kufyeka majani inayofungwa nyuma ya trekta, anza na majani iliyoyapita, hata kabla hujainama chini ya mashine. Kisu kizima huacha mkato mmoja safi. Kisu kilichokwisha hulichana jani, ncha ikabaki nyuzinyuzi, na baada ya siku mbili shamba zima lina rangi ya kahawia kwa juu. Dereva naye ana dalili zake: trekta inakoroma kwenye nyasi ambazo mwaka jana ilizipita kirahisi, dizeli inakwenda, na nyuma kunabaki mistari ya majani yaliyolazwa tu, ambayo kesho yake yamesimama tena.

Kwa wenye mikorosho Mtwara na Lindi tatizo hili linakuja mapema. Udongo wa mashamba mengi ni kichanga, na kila mtu anataka chini ya miti pawe peupe kabla ya Oktoba, korosho zikidondoka zionekane. Dereva anashusha slasha hadi inapiga vumbi. Vumbi lile ni msasa. Likipigwa msimu mzima, haliishii kwenye makali. Linakula ile sehemu ya nyuma ya kisu iliyokunjwa kwenda juu, inayovuta hewa na kuyasimamisha majani yakatwe. Makali unaweza kuyanoa. Mkunjo ule ukishakuwa mwembamba kama bati hauna dawa, siku moja kipande kinachomoka. Kisu cha hivyo tupa, pamoja na chenye ufa, kilichopinda, au ambacho tundu lake la boliti limeshakuwa na umbo la yai. Mwambie fundi wa kuchomelea akae mbali nacho: moto wa welding unaharibu ugumu wa chuma, na kiraka hakitadumu.

Sasa nije kwenye kosa ninalolikuta kila msimu, na ambalo mimi mwenyewe nimeshalifanya. Kisu kimoja kilipinda kwenye kisiki, cha pili kikaonekana bado kizuri, nikanunua kimoja. Slasha ikatetemeka kidogo. Nikasema itazoea. Baada ya wiki chache sili ya chini ya giaboksi ilikuwa inavuja, na beringi yake ikafuata. Hesabu yake hii hapa. PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaoizungusha slasha, kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi nyingi za slasha zinaongeza. Tuseme visu vinafika mizunguko 1,000, na slasha inakata upana wa mita 1.5. Ncha ya kisu inakimbia zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Kwa mwendo huo, kisu kimoja kikiwa kimepungua gramu 100 tu kwenye ncha, shafti inavutwa upande kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80, na mvuto huo unazunguka nayo. Ni kama mtu mzima ananing'inia kwenye beringi kutwa nzima. Kwa hiyo visu hununuliwa jozi, vya mashine ileile, na kabla ya kuvifunga vipime kwenye mizani ya duka. Vinavyopishana, rudisha.

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko nguvu. Zima PTO, zima injini, ufunguo uwe mfukoni mwako na si kwenye trekta, kisha subiri, maana visu huendelea kuzunguka muda baada ya kuzima. Chomoa shafti ya PTO. Usiingie chini ya slasha iliyoinuliwa na mikono ya trekta peke yake. Haidroliki hushuka bila kuaga. Weka stendi za chuma au magogo mazito pembe zote. Tofali hazifai, hupasuka.

Kabla ya kufungua chochote, chora kwa chaki upande makali yanakotazama. Makali ndiyo yanayotangulia kwenye mzunguko. Nimeona visu vipya vimefungwa kinyume, mwenyewe analalamika ameuziwa feki. Mashine nyingi zina tundu juu ya bodi: zungusha sahani, lile bamba la chini linaloshika visu, hadi boliti ikae chini ya tundu hilo, piga kabari ya mbao kati ya kisu na bodi, kisha ingiza spana ya boksi yenye mkono mrefu. Nati zilizoota kutu zimwagie mafuta usiku uliotangulia.

Boliti na nati za zamani usizirudishe. Najua zinaonekana nzima, lakini shingo ya boliti inalika pale kisu kinapochezea. Nunua za slasha hiyo, si boliti yoyote ya kipenyo kile kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Safisha tundu, kaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisha sukuma kisu kwa mkono. Boliti imekazwa sana, ila kisu kinatakiwa kizunguke kwa uhuru, ili kikigonga kisiki kirudi nyuma badala ya kuvunja kitu.

Visu vipya havihitaji makali ya wembe. Ukingo mnene wa milimita moja na nusu hivi unafyeka vichaka vizuri. Mwembamba zaidi ya hapo unabonyea kwenye jiwe la kwanza. Halafu pandisha slasha. Sentimita 8 juu ya ardhi zinatosha, na wakusanyaji wa korosho watapitisha reki kwa kilichobaki.

Washa ikiwa peke yake, watu wakiwa mbali kabisa, na uisikilize. Mimi hupaka mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye sahani. Baada ya saa moja ya kazi nazima, natazama. Mstari ukiwa umekatika, nati imelegea, nakaza upya.