Filamu Fupi ya Kutisha: Jenga Hofu Kabla ya Zimwi

Wanafunzi wengi wanaotaka kutengeneza filamu ya kutisha huanza na zimwi: sura yake, meno yake, damu yake. Zimwi liache kwanza. Hofu hukaa katika kusubiri, kwa hiyo amua kabla ya yote mtazamaji atasubiri nini, kwa muda gani, na atajuaje kwamba kuna jambo linakuja.

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida hutoa takriban dakika moja kwenye skrini. Andika kurasa tatu au nne, chumba kimoja, waigizaji wawili. Tishio liwe na kanuni inayoeleweka haraka. Tuseme mlango wa kabati hufunguka kidogo kila taa inapozimwa. Ioneshe kanuni hiyo mara mbili bila mtu kudhurika. Mara ya tatu, mkono wa mhusika ukigusa swichi tu, mtazamaji ameshaanza kujikunyata. Kitu kikiruka kutoka gizani bila maandalizi hayo, unapata mshtuko wa sekunde moja, basi.

Giza linataka taa

Kosa linaloharibu filamu nyingi za wanaoanza ni kuzima taa zote na kuiachia kamera ijitafutie mwanga. Kamera hupandisha ISO (kiwango chake cha kuhisi mwanga) yenyewe, picha inajaa chembechembe, na weusi unageuka kijivu kilichofifia. Giza zuri kwenye filamu ni chumba chenye taa moja kali iliyowekwa mahali sahihi.

Iweke taa ubavuni mwa mwigizaji, umbali wa mita moja hivi, nusu ya uso ibaki kivulini. Ukuta wa nyuma uwe mita tatu kutoka kwenye taa. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukuta huo utapata karibu sehemu moja ya tisa ya mwanga unaoangukia uso, nao utazama gizani bila kuupaka chochote. Kuta nyeupe zilizo karibu huurudisha mwanga na kuharibu hesabu hii. Zifunike kwa shuka nyeusi.

Kwenye simu, gusa uso wa mwigizaji na ushikilie kidole hadi fokasi na mwanga vifungwe, la sivyo picha itapauka na kukolea katikati ya shoti. Kama programu yako inaruhusu, ISO isizidi 800. Palipo na umeme wa hezi 50, rekodi fremu 25 (picha mojamoja zinazounda video) kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Palipo na hezi 60, fremu 30 na shata 1/60. Ukichanganya, taa zitapepesa au mistari itatembea juu ya picha. Mizani ya rangi (mpangilio wa kamera unaoamua weupe uonekaneje) nayo ifunge: ukiiweka kelvini 3200, kipimo cha mwanga wa manjano wa balbu, huku ukitumia taa nyeupe ya aina ya mchana, picha inakuwa ya bluu kama mbalamwezi.

Kamera itulie kwenye stendi. Mpige mhusika kwa shoti pana, umwache pembeni mwa picha, na nyuma yake pawe na mlango ulio wazi. Ishikilie shoti hiyo sekunde tano zaidi ya unavyoona inatosha. Macho ya mtazamaji yatauchunguza mlango huo yenyewe. Kamera ya kushika mkononi ihifadhi kwa ajili ya kukimbia tu.

Sauti ndiyo inayotisha

Mtu hufumba macho akiogopa, lakini masikio hayafumbiki. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Maiki ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, nje kidogo ya picha. Zima feni na friji. (Acha funguo zako ndani ya friji, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha.) Kwenye kipimo cha sauti cha kinasa, maneno yacheze kati ya desibeli -18 na -12. Mayowe yarekodi peke yake baada ya kushusha kiwango cha kupokea sauti, kwa sababu yowe lililopasuka halirekebishiki vizuri.

Kabla ya kuondoka, kila mtu anyamaze na mrekodi chumba kitupu kwa sekunde 60. Ukimya wa filamu hutengenezwa kwa rekodi hii. Ukikata sauti yote hadi sifuri, mtazamaji atadhani spika imekufa na hofu itakatika.

Sauti ndogo zitengeneze baadaye. Karoti mbichi iliyofungwa kwenye taulo lenye maji ukiivunja, hulia kama mfupa. Mlio wa bawaba ukiupunguza kasi kwa nusu, bila kuruhusu programu ya kuhariri ilinde kimo cha sauti (wembamba au unene wake), hushuka oktava nzima na kabati linakoroma kama mnyama.

Katika kuhariri, anza kuondoa sauti za chumba taratibu sekunde nne kabla ya mshtuko, ibaki pumzi tu. Mhusika afungue kabati, akute nguo, ashushe pumzi. Sekunde moja baadaye, upande ambao hakuutazama, ndipo pigo lije, sauti na picha zikianza kwenye fremu ileile. Sauti ikichelewa hata fremu tatu, mshtuko unapoa.

Damu, kama ni lazima: kikombe kimoja cha sharubati nzito ya glukosi, vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kakao uliokorogwa kwanza kwa maji ya vuguvugu usije ukafanya mabonge. Ongeza tone moja la bluu ikiwa inang'aa kama soda. Rangi hiyo haitoki kirahisi kwenye nguo, kwa hiyo andaa mashati mawili yanayofanana. Visu viwe vya plastiki, na majirani waambiwe mapema kuhusu mayowe.

Ukimaliza, waoneshe watu watatu wasiojua kisa, nawe utazame nyuso zao badala ya skrini. Andika dakika na sekunde kila mmoja anapoacha kutazama. Wakicheka zimwi linapotokea, punguza shoti hiyo hadi fremu 12, kisha tafuta watu wengine watatu uwaoneshe tena.