Jinsi ya kukonekti padi ya PS4 kwenye simu yako bila waya

Kama una PS4, yaani PlayStation 4, nyumbani, au hata PS yenyewe ilishakufa zamani lakini padi imebaki, usikimbilie kununua zile padi za simu za bei poa. Padi ya PS4, ile inayoitwa DualShock 4, ina Bluetooth ndani yake na simu nyingi za sasa zinaikubali hivyohivyo ilivyo, hakuna programu ya kupakua, hakuna kuruti simu (kufungua mfumo wake wa ndani), huhitaji hata bando. Naeleza taratibu hapa kwa sababu watu wengi wanakwama sehemu moja tu halafu wanaamua kwamba simu yao haiwezi, kumbe inaweza vizuri kabisa.

Sehemu yenyewe ni hii. Mtu anawasha Bluetooth kwenye simu, anabonyeza kile kitufe cha PS katikati ya padi, taa inawaka, anasubiri simu ione kitu, simu haioni, taa inazima. Anarudia tena na tena, matokeo ni yaleyale. Shida ni kwamba ukibonyeza PS peke yake padi inakwenda kutafuta PS4 yake iliyozoeana nayo, haijitangazi kwa simu wala kifaa kingine chochote. Inabidi uiambie ijitangaze, na hiyo ndo siri yote ya hii kazi.

Kabla ya yote angalia simu yako. Kama ni Android ingia setingi, kuhusu simu, uone ni toleo la ngapi. Kuanzia Android 10 kwenda juu padi ya PS4 inakubalika rasmi. Chini ya hapo bado inaweza kukonekti lakini vitufe vinaweza kuchanganyikana, unabonyeza mraba simu inaelewa X, unapiga pasi mchezaji anapiga shuti. Kama ni iPhone unahitaji iOS 13 au zaidi, ile iliyotoka 2019. Padi nayo ichaji kwanza, inatumia waya wa micro USB ule wa simu za zamani, na chaja ndogo ya kawaida ya 5V inatosha, zile chaja za kasi ziache. Ikiwa inachaji huku imezimwa utaona taa ya rangi ya chungwa inawaka na kufifia polepole, ikizima jua imejaa.

Sasa tukonekti. Kama PS4 ipo hapo karibu izime kabisa, chomoa hata kwenye umeme, isije ikaivuta padi. Shika padi ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha SHARE, kile kidogo upande wa kushoto juu, usikiachie, kisha bonyeza na PS, vishikilie vyote viwili kwa pamoja. Baada ya sekunde chache taa ya mbele itaanza kumeta harakaharaka, inameta mara mbili inapumzika, inameta mara mbili inapumzika. Hapo achia. Ukiona taa inawaka polepole au imetulia tu, bado hujafika, izime uanze upya na hakikisha SHARE umeibonyeza kabla ya PS.

Kwenye simu ingia setingi, Bluetooth, kisha gusa pale pa kuoanisha kifaa kipya. Litatokea jina Wireless Controller. Ndiyo hiyohiyo, usitafute jina PlayStation au Sony maana hutaliona. Gusa, kubali, na taa ya padi itatulia na kubaki rangi moja. Simu chache za zamani zinaomba namba ya siri, andika 0000. Mara nyingine orodha inachelewa kujaza, hasa ukiwa sehemu yenye simu na spika nyingi, wewe subiri, na kama padi imeacha kumeta kabla hujagusa jina basi rudia SHARE na PS.

Kujua kama imekubali, kwenye Android rudi ukurasa wa kwanza wa simu ubonyeze mishale ya padi, utaona programu zinachaguliwa moja baada ya nyingine, X inafungua na duara inarudisha nyuma. Lile eneo la kugusa katikati ya padi mara nyingi linakuwa kama mausi, mshale unatokea kwenye kioo. Kwenye iPhone ingia setingi, general, utakuta sehemu ya Game Controller imejitokeza, na kama una iOS 14 au zaidi, humo unaweza kubadilisha kila kitufe kifanye kazi unayotaka wewe.

Wenye padi za aina nyingine msijali. DualSense ya PS5 ni vilevile, ila badala ya SHARE unashika kile kitufe cha Create, upande uleule wa kushoto, pamoja na PS mpaka taa ya bluu imete. Hiyo inataka Android 12 au iOS 14.5. Padi ya Xbox ina kitufe kidogo cha kuoanisha juu kabisa karibu na pale pa kuchomeka waya, washa padi kisha shikilia hicho sekunde tatu mpaka nembo ya Xbox imete haraka. Lakini angalia vizuri kabla ya kununua Xbox iliyotumika, kwa sababu zile za mwanzo za Xbox One za 2013 hazina Bluetooth kabisa. Kuzijua tazama plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo. Kama ni ileile ya uso wa padi, Bluetooth ipo, kama ni ile inayong'aa iliyoungana na vitufe vya juu vya LB na RB, haina, na muuzaji akikuapia ina wewe weka hela yako mfukoni.

Padi za PS3 mimi nakushauri usihangaike nazo. Zina Bluetooth ndiyo, lakini hazioanishwi kwa njia ya kawaida, zinataka programu maalumu na mara nyingi simu iliyorutiwa, na muda utakaopoteza hapo haufanani na faida.

Halafu kuna zile padi ambazo kwenye boksi zimeandikwa hazina waya lakini zinakuja na kifaa kidogo kama flashi. Hizo zinatumia masafa ya 2.4GHz kupitia hicho kiflashi, sio Bluetooth, kwa hiyo kwenye orodha ya simu hazitatokea hata ukeshe. Tafuta waya wa OTG, ule unaoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB, chomeka kwenye simu, chomeka kiflashi kwenye OTG, nyingi zitafanya kazi kwenye Android. Na zile padi za simu zenye kishikio zina hali kadhaa za kuwashia, unashika HOME pamoja na kitufe fulani, hali moja ni ya Android, nyingine ya iPhone, nyingine inaigeuza iwe kama kibodi. Ile karatasi ndogo ndani ya boksi ndiyo inasema kitufe gani, isome kabla hujaitupa. Kwa padi za 8BitDo, kwa mfano, nyingi unawasha kwa kushika B na START kwa pamoja upate hali ya Android.

Sasa tuje kwenye gemu, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapotokea. Padi kukonekti na simu ni jambo moja, gemu kuikubali padi ni jambo lingine. Kama mishale inatembea kwenye ukurasa wa simu lakini ndani ya gemu hakuna kinachotokea, padi yako ni nzima na simu yako ni nzima, ni gemu ndiyo haijatengenezwa kwa padi. Call of Duty: Mobile inakubali, ingia setingi za gemu uwashe upande wa padi, ila kwenye menyu utaendelea kugusa kioo kwa kidole, padi inafanya kazi ukiwa ndani ya mechi. GTA San Andreas inakubali, Minecraft inakubali, Asphalt 9 (siku hizi inaitwa Asphalt Legends) inakubali, Stardew Valley nayo inakubali. PUBG Mobile haikubali padi rasmi, na zile programu zinazojifanya kugeuza vitufe kuwa miguso ya kioo ziepuke kabisa kwenye gemu za mtandaoni, akaunti yako inaweza kufungiwa na ukapoteza kila kitu ulichokusanya miaka yote hiyo.

Ila raha yenyewe ya padi kwenye simu, kwangu mimi, ni PPSSPP, ile programu ya kucheza gemu za PSP (PlayStation ndogo ya mkononi) kwenye simu. Gemu za PSP zilitengenezwa kwa vitufe vya kweli na ukizicheza kwa kugusa kioo nusu ya utamu unapotea, vidole vinafunika uwanja, unataka kukimbia unapiga krosi. Konekti padi kwanza ndipo ufungue PPSSPP, mara nyingi inaitambua yenyewe. Ikikataa au vitufe vikiwa vimekaa vibaya ingia Settings, Controls, Control mapping, utaona orodha ya vitufe vyote vya PSP, gusa alama ya kujumlisha mbele ya kitufe unachotaka, kisha bonyeza kitufe cha padi, endelea hivyo mpaka viishe. Humohumo kwenye Controls ondoa tiki kwenye vitufe vya kioo ili vipotee, kioo chote kibaki cha gemu. Kumbuka PSP haikuwa na L2 wala R2 wala analogi ya pili (kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba), kwa hiyo kwenye padi yako hivyo vinabaki bure. Mimi R2 naiwekea kukimbiza gemu, ile Fast-forward, unaruka zile sehemu ndefu za katikati ambazo umeshaziona, na L2 naiwekea kusimamisha.

Kuhusu kuchelewa, yaani unabonyeza na mchezaji anajibu baadaye kidogo, chanzo kikubwa ni msongamano wa mawimbi. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4GHz sawasawa na Wi-Fi nyingi za nyumbani, kwa hiyo kama rauta yako ina 5GHz hamia huko, au kama gemu ni ya nje ya mtandao zima Wi-Fi kabisa. Pia earphone za Bluetooth na padi kwa wakati mmoja kwenye simu ya bei ya kawaida ni mtihani, sauti inakatika na padi inachelewa, tumia earphone za waya. Ikishindikana kote chomeka padi kwa waya kupitia OTG, Android nyingi zinaikubali hivyo pia. Angalia tu waya wako uwe wa data, maana kuna waya nyingi mtaani zinachaji tu na hazipitishi kitu kingine.

Padi ikigoma kabisa, haimeti hata ufanyeje, igeuze nyuma, karibu na L2 utaona kitundu kidogo chenye kitufe ndani. Ingiza pini au ile sindano ya kutolea laini, kandamiza sekunde tano, kisha rudia SHARE na PS. Kwenye simu nayo futa jina la Wireless Controller kama lilishawahi kuwepo, uanze upya pande zote mbili. Na kama padi ni kopi, jua kuna kopi zinazokubali Android lakini zinakataa iPhone, kwa hiyo ukienda kununua, iwe Kariakoo Dar au Luthuli Avenue Nairobi, nenda na simu yako na uikonekti palepale mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela.

Ukimaliza kucheza usiiache ikiwaka, betri yake ni ya 1000mAh tu, shikilia PS kama sekunde kumi mpaka taa izime, au zima Bluetooth ya simu. Siku nyingine ukitaka kucheza tena kwenye simu ileile bonyeza PS peke yake inatosha, inakumbuka. Ila padi itakuwa imeshaisahau PS4 yako, kwa hiyo ukitaka kuirudisha chomeka padi kwenye PS4 kwa waya wa data, bonyeza PS, chomoa waya, inarudi kama zamani. Na kama ni padi ya kibanda cha gemu uliyoazima, mrudishie mwenyewe ikiwa imeshakonektiwa na PS yake, sio umwachie hiyo kazi wateja wakiwa wamepanga foleni.