Mawese yakiganda Mbeya, pasha dumu zima kabla ya kupima

Kwa mnaonunua mawese Kyela na kuyapandisha Mbeya mjini au Makete, hasa Juni na Julai: msiyapime yakiwa yameganda nusu. Weka dumu zima kwenye beseni la maji ya moto, kama nyuzi 50, badilisha maji yakipoa, hadi usione tena chembe za njano. Kisha koroga mpaka chini ndipo umimine. Karibu nusu ya mafuta haya ni ya aina inayoganda mapema. Baridi ikiingia, sehemu hiyo hugeuka chembe na kutuama, juu yakabaki mafuta mepesi mekundu. Ukimimina hivyo, mteja wa kwanza anapata mepesi matupu na wa mwisho anapata uji mzito; wote wamelipa bei ileile, na hiyo si haki. Yakipata joto chembe huyeyuka, mafuta yanakuwa mepesi, yanachanganyika sawasawa na hayabaki yameng'ang'ania kwenye kuta za dumu. Dumu la lita 20 linataka subira, kwa sababu mafuta yaliyoganda hayazunguki kupeleka joto katikati. Ligeuzegeuze.

Mbinu hii haiponyi mafuta yaliyochacha. Yaliyoingia maji nayo usiyakoroge: yaache yatulie yakiwa bado ya moto, maana kwenye mafuta mepesi maji hushuka chini haraka, halafu mimina ya juu tu. Dumu la plastiki lisikae jikoni juu ya moto kabisa.