Somo: Kuyajua matiti yako, na la kufanya siku ukikuta kitu

Ukitaja uchunguzi wa saratani ya matiti, wengi humfikiria mwanamke anayejigusa mbele ya kioo. Hilo tutalifundisha, ila niseme mapema kwamba siyo sehemu kubwa ya somo. Wengi wanaofika hospitali wamechelewa walikuwa wameshauona uvimbe. Wakanyamaza nao.

Kwa mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani hii, na watu 670,000 walifariki. Karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi kinachojulikana zaidi ya jinsia na umri, kwa hiyo "kwetu hakuna ugonjwa huo" isikupe usingizi.

Hatua ya 1: Chagua siku. Siku chache baada ya hedhi kwisha ndizo nzuri, matiti hayajajaa wala hayaumi. Kama hedhi imekoma, shika tarehe moja ya kila mwezi. Usijipime kila siku, utajitisha bure.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kugusa. Simama mbele ya kioo penye mwanga, mikono ikining'inia, kisha iinue juu ya kichwa, kisha ishike kiuno huku ukikaza kifua. Titi moja kuwa kubwa kuliko la pili ni kawaida kabisa. Unachotafuta ni kigeni: ngozi iliyobonyea, ngozi yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje na sasa imeingia ndani, au kidonda cha chuchu kisichopona.

Hatua ya 3: Gusa. Lala chali, mkono mmoja chini ya kichwa. Tumia sehemu laini ya vidole vitatu vya kati, uzungushe vijiduara vidogo: mguso mwepesi, kisha wa wastani, kisha wa kuzama mpaka uhisi mbavu. Panda na ushuke kama mtu anayefuata matuta shambani, kuanzia mtulinga hadi chini ya titi. Usiache kwapa. Upande wa juu kuelekea kwapani ndiko saratani nyingi huanzia, na ndiko wengi hupita haraka. Chuchu usiikamue, majimaji yanayotoka yenyewe, hasa yenye damu, ndiyo ya kumwonesha daktari.

Sasa lile lisilopendwa kusemwa. Kule Shanghai, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa: wengine wakafundishwa kujipima, wengine la. Matokeo yaliyotoka mwaka 2002 yalionesha vifo havikupishana. Binafsi nilipoyasoma yaliniuma kidogo, maana nilikuwa mhubiri wa kioo. Jigusa ili uyajue matiti yako yalivyo, lakini mkono wako usiwe ndiyo kipimo chako.

Hatua ya 4: Mamogramu. Hii ni eksirei ya titi, na huweza kuona kilicho kidogo kuliko kidole kinavyoweza kuhisi. Miongozo inapishana: Marekani, jopo la wataalamu mwaka 2024 lilishauri kila miaka miwili kuanzia miaka 40 hadi 74, Uingereza huita wanawake kila miaka mitatu kuanzia 50 hadi 71. Siku hiyo usipake manukato ya kwapa wala poda, chembe zake zaweza kuonekana kwenye picha kama ugonjwa. Titi litabanwa kwa sekunde chache. Linauma? Kwa wengine, ndiyo.

Hatua ya 5: Ukikuta kitu, nenda. Uvimbe mwingi si saratani, lakini kwa kuutazama tu hakuna anayejua. Hata Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike mara ya kwanza hadi majibu kamili zisipite siku 60. Ukiambiwa "wewe bado mdogo, nenda nyumbani" bila picha yoyote, uliza kwa heshima: altrasaundi je?

Maswali ya wanachama

*Dada, uvimbe wangu hauumi hata kidogo. Si afadhali?*
Hapana, ndugu yangu. Saratani changa mara nyingi haiumi. Maumivu peke yake, bila uvimbe, ni nadra yawe saratani.

*Nasikia biopsi huiamsha saratani ikasambaa.*
Maneno haya yamechelewesha wengi. Biopsi ni kutoa kinyama kidogo kikapimwe maabara, na bila hicho daktari hajui dawa ipi inafaa.

*Mimi mwanamume, nimepita tu kusoma.*
Usipite, kaka. Kati ya wagonjwa 100, mmoja au chini yake ni mwanamume. Uvimbe mgumu chini ya chuchu, nenda.

*Shangazi zangu wawili, upande wa baba, waliugua. Unanihusu?*
Unaweza kukuhusu. Hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazoongeza hatari ya saratani hii, hurithiwa kwa baba vilevile. Mweleze daktari mapema. Huenda ukaanza kupimwa kabla ya wenzako.

*Mume wangu ndiye aliyeuhisi. Mimi nikijigusa siupati. Niende kusema nini?*
Sema hivyo hivyo. Mwambie apaguse tena, uweke alama ya kalamu mahali penyewe, na ukumbuke ulikuwa umelala au umesimama. Akiweza kuja nawe, aje amwoneshe daktari pale pale.